Kabla ya Kuuliza Kilomita, Uliza Saa

Wengi wanaotaka ushauri wa kukimbia au kutembea misituni na milimani huanza na swali la kilomita: nianze na ngapi? Mimi huwarudishia swali la saa. Utaingia saa ngapi, na ikifika saa ngapi utageuka hata kama kilele unakiona? Njia ileile inaweza kuwa raha tupu saa 1 asubuhi na mateso saa 9 alasiri.

Watu hudhani joto hupamba moto adhuhuri, jua likiwa utosini. Kumbe ardhi huendelea kupata moto baada ya hapo, na mara nyingi joto huwa kali zaidi kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Anayesubiri saa 8 ili "jua lipungue kidogo" hajakwepa kitu. Miale inayounguza ngozi ndiyo huwa kali adhuhuri, na wingu jepesi haliizuii sana.

Alfajiri kuna ubaridi, lakini nayo ina lake. Hewa huwa na unyevu mwingi, na jasho lisipokauka halikupozi. Ndiyo maana asubuhi ya ukungu unaweza kurudi umelowa chapachapa, moyo unadunda, na jua hujaliona. Siku kama hiyo napunguza mwendo na sijali saa ya mkononi inasemaje. Msimu wa joto ukiingia, upe mwili wiki moja hadi mbili za mazoezi mepesi. Ubishi haufupishi siku hizo.

Mwanga ndio mdanganyifu mkubwa. Saa ya machweo unayoisoma kwenye simu ni ya mtu aliyesimama mahali pa wazi. Chini ya miti mikubwa, au bondeni penye mlima upande wa magharibi, kigiza huingia mapema huku juu bado kweupe. Njia yenyewe utaendelea kuiona. Kinachopotea kwanza ni maumbo ya vitu vilivyo chini. Mzizi na kivuli cha mzizi vinafanana, jiwe lililolowa linaonekana kama udongo, na mguu unaanza kubahatisha. Karibu na ikweta jua hutumbukia wima, na likishazama una kama dakika 20 tu za kuona vizuri. Ukienda mbali kaskazini au kusini, majira ya joto mwanga hung'ang'ania, lakini majira ya baridi unaweza kutoka kazini ukakuta usiku umeshaingia. Mgeni akipanga safari kwa mazoea ya kwao, ataumbuka.

Kipimo ninachokipenda ni ngumi. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, kisha zipange moja juu ya nyingine kutoka upeo wa macho hadi karibu na jua, bila kulikodolea jua lenyewe. Ngumi moja ni kama nyuzi 10, na jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo karibu na ikweta kila ngumi ni dakika 40 hivi. Kwingineko jua hushuka mshazari na ngumi hudumu zaidi. Zikibaki tatu, mimi nageuka. Tochi ya kichwani inakaa begini hata ninapotoka asubuhi.

Kuhusu upepo, nenda ukiukabili, rudi ukikusukuma. Mtu aliyechoka na kulowa jasho hupoa haraka akipigwa nao usoni. Mlimani kumbuka pia kwamba joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1000, kwa hiyo koti jepesi si mapambo.

Radi sifanyi nayo mzaha. Siku za joto mawingu hujijenga milimani kuanzia mchana, ndiyo sababu wapandaji wazoefu hutaka kuwa wameshashuka mapema. Ukiona umeme, hesabu hadi usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ondoka mgongoni mwa mlima, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na usirudi juu hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Halafu vijito. Maji uliyoyavuka asubuhi yakiishia kwenye kifundo cha mguu yanaweza kukukuta magotini jioni bila hata tone la mvua kukudondokea, kwa sababu imenyesha huko juu yanakotoka. Yakiwa yamebadilika rangi na yanabeba vijiti na majani, usivuke, hata kama gari uliliegesha ng'ambo. Kaa mahali pa juu usubiri. Mvua ikikatika, kijito kidogo mara nyingi hupungua ndani ya saa chache.