Uliza Ujibiwe: Maneno Mazito ya Kiingereza

*Nakariri maneno ishirini kwa siku kutoka orodha ya maneno magumu, lakini mwalimu anayapiga mstari mwekundu. Juzi alikata sentensi yangu "My uncle is a notorious doctor". Mimi najua "notorious" ni mashuhuri. Kosa liko wapi?* — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa

Umemtukana mjomba wako. "Notorious" ni anayejulikana kwa ubaya: tapeli, jambazi, hata kona inayoua watu barabarani. Lifikirie kama neno letu "sugu". Mhalifu huwa sugu, lakini hakuna anayemsifu daktari kwa neno hilo. Mjomba mpe "renowned" au "distinguished". "Plethora" nalo lina mtego wa aina hiyo. Orodha nyingi hulifasiri "wingi" tu, ilhali lina harufu ya kupita kiasi, kama "kukithiri". "A plethora of excuses" linakaa vizuri, kwa kuwa visingizio hukithiri. Ukiandika "we need a plethora of teachers", msomaji hajui kama unaomba walimu au unawalalamikia.

Kwa hiyo maneno ishirini kwa siku ni mengi mno; matano yanatosha. Kata kadi ndogo. Mbele andika neno, nyuma andika maana kwa Kiswahili, sentensi nzima uliyonakili kutoka kamusi ya wanafunzi (usitunge yako kwanza), na maneno yanayoandamana nalo. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na ndilo linalowaponza wengi. "Mitigate", yaani kupunguza makali, huandamana na "risk" au "damage" moja kwa moja. Anayeandika "mitigate against" alikuwa akitafuta "militate against", kuwa kikwazo kwa jambo. Kadi irudie kesho yake, siku ya tatu, ya saba, kisha baada ya wiki tatu. Ikikushinda, inaanza upya.

Na orodha yenyewe ibadilishe. Tafuta Academic Word List, iliyotolewa mwaka 2000 na Averil Coxhead wa New Zealand. Ina familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma: "derive", "constrain", "inherent". Hayana mbwembwe za "plethora", lakini chuoni utakutana nayo kila siku.

*Gazeti moja limeandika bodi "sanctioned the project", jingine "sanctions on" nchi fulani. Lipi limekosea?* — Msomaji, Mombasa

Hakuna. Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuidhinisha sheria, na sheria hubeba pia adhabu kwa mvunjaji. Tazama linachofuatana nacho. Kitenzi kikielekea mpango, safari au matumizi ya fedha, ni kuidhinisha. Kikielekea mtu au kampuni, mara nyingi ni kuadhibu. Nomino ya wingi yenye "on" au "against" ni vikwazo.

Ndugu yake ni "oversight". "Parliamentary oversight" ni usimamizi wa bunge. "An oversight", yenye "an" mbele, ni jambo lililopitiwa kwa bahati mbaya. Katika ripoti epuka "the accountant's oversight": mhasibu hatajua kama amesifiwa au ameshutumiwa.

*"Disinterested" ni mtu asiyependezwa na jambo?* — Msomaji, Morogoro

Huyo ni "uninterested". Hakimu hutakiwa awe "disinterested", asiye na maslahi katika kesi. Akiwa "uninterested", anasinzia. Hata wenyewe Waingereza huyachanganya, ila kwenye mtihani au barua ya kisheria yatenganishe.

*Bosi wangu anataka "commence" kila mahali badala ya "begin". Ana haki?* — Katibu muhtasi, Dodoma

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kiingereza kikabaki na jozi kama hiyo: "begin" la wenyeji, "commence" la Kifaransa. Sisi tuna kufa na kufariki. Mzee hufariki, kuku hufa. "Commence" lina mahali pake kwenye mkataba, kesi na sherehe za mahafali. Kikao cha wafanyakazi saa nne asubuhi kipe "begin" au "start".