Barua kwa mwanangu anayefungasha kwenda melini

Mwanangu,

Swali lako nimelipata. Siku saba kwenye meli ya kitalii, bandari nne na siku mbili za bahari tupu: wewe na mumeo mbebe nini, na lile sanduku jipya litatosha? Kutosha linatosha, hata linazidi. Ila orodha uliyonitumia ni ya nguo tupu, na nguo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Melini mtatengana na mizigo yenu mara mbili, siku ya kupanda na usiku wa kuamkia kushuka. Hapo ndipo watu huumbuka. Kitu wanacho, lakini kimo kwenye begi ambalo haliko mkononi.

Mkifika bandarini, wapagazi watayapokea masanduku nje, kabla hamjaingia jengoni. Yatapita kwenye mashine ya ukaguzi, yapakiwe, halafu yagawiwe mlango kwa mlango. Kwenye meli ya abiria elfu tatu au nne, sanduku lenu linaweza kufika saa nane mchana, linaweza kufika saa mbili usiku. Muda wote huo ninyi mmo ndani, bwawa liko wazi, na nguo ya kuogelea imekaa chini ya suti mahali msipopajua. Basi kila mmoja wenu awe na begi la mgongoni asilomkabidhi mtu. Humo ziingie pasipoti na karatasi zote, dawa zote (nimesema zote, si za siku hiyo tu), miwani, simu na chaja, pesa, vito, nguo ya kuogelea, ndala, mswaki, na nguo moja ya kubadili kwa chakula cha jioni. Chochote kinachovunjika nacho kikae huko. Msilijaze kupita kiasi, maana vyumba mara nyingi havifunguliwi hadi saa saba au saa nane mchana na mtazunguka nalo begani.

Lebo za masanduku kwa kawaida mtazichapisha wenyewe. Karatasi tupu huchanika kwenye mikanda ya mashine, na sanduku lisilo na lebo hubaki chini likingoja mwenyewe ajitokeze. Ikunje lebo, itie kwenye kifuko cha plastiki, izungushe kwenye mpini na uibane kwa stepla mara tatu. Mkienda kwa ndege kwanza, zifungeni baada ya kushuka kwenye ndege. Ndani ya sanduku, juu ya nguo, weka karatasi nyingine yenye jina lako, jina la meli na namba ya chumba.

Usiku wa mwisho mambo hugeuka. Mtaambiwa masanduku yawe nje ya mlango kabla ya saa fulani, mara nyingi saa nne au saa tano usiku, na mtayakuta asubuhi jengoni. Kabla ya kufunga zipu, tandika kitandani nguo za kushukia, na viatu, na soksi, na nguo za ndani. Haachi kuwapo mtu aliyefungasha kwa utaratibu mzuri kabisa akabaki na nguo ya kulalia. Kama mizigo yenu ni myepesi, meli nyingi huruhusu mshuke nayo wenyewe, na hapo mnaepuka shughuli hiyo yote.

Sasa karatasi. Pasipoti ibakiwe na angalau miezi 6 kuanzia siku ya kumaliza safari, na iwe na kurasa tupu. Wewe umeolewa majuzi, kwa hiyo angalia sana: jina la kwenye tiketi na la kwenye pasipoti yafanane neno kwa neno. Viza zisome bandari kwa bandari, hata kama mnashuka kwa saa tano tu, maana nchi nyingine hudai viza hata kwa asiyeshuka. Viza ya kuingia mara moja ni mtego. Meli ikitoka kwenye nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja), ikagusa nchi isiyo mwanachama, ikarudi, hesabu yako ni kuingia mara mbili. Ukikosa karatasi mtazuiwa bandarini na nauli kwa kawaida hairudi. Kama kuna nchi njiani inayotaka cheti cha homa ya manjano, kumbuka kwamba sindano hutambulika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Toa nakala za kila kitu, seti moja kwenye sanduku, nyingine kama picha kwenye simu zote mbili.

Umeme ndio utakaokushangaza, kwa hiyo nikueleze vizuri. Kwenye orodha yako nimeona ekstensheni yenye kinga ya radi. Iache. Kwenye nyumba nyingi waya mmoja una umeme na mwingine umefungwa na ardhi. Kwenye meli nyingi mfumo haujafungwa na chuma cha meli, kwa makusudi, ili hitilafu moja isizime kila kitu katikati ya bahari, kwa hiyo nyaya zote mbili huhesabiwa kuwa na umeme. Kinga ya ndani ya ekstensheni ilitengenezwa kwa mfumo wa nchi kavu. Ikikutana na ule wa meli inaweza kupitisha umeme pasipotakiwa, ikapata moto na kuwaka. Na moto ndicho kitu mabaharia wanachokiogopa kuliko mawimbi. Kampuni nyingine siku hizi zimekataza ekstensheni za aina zote. Badala yake chukua chaja moja ya USB yenye matundu manne na adapta mbili. Mara nyingi chumbani mtakuta soketi za Kimarekani za volti 110 na za Ulaya za pini mbili za volti 220. Soma maandishi madogo kwenye kila chaja. Ikiandikwa 100–240V, adapta pekee inatosha.

Kwa sababu hiyo hiyo ya moto, pasi, birika la umeme, hita, mishumaa na udi haviruhusiwi. Visu vyenye makali yanayozidi sentimita 10 hukataliwa na kampuni nyingi, na droni usiibebe bila kusoma masharti yao. Usidhani kitapita kikifichwa katikati ya nguo. Mashine inakiona, sanduku linawekwa kando, nawe unaitwa kwenye chumba cha walinzi ulifungue mbele yao. Sanduku likichelewa usiku wa kwanza, huenda lina pasi ndani.

Kuta za chumba kwa kawaida ni chuma chini ya ule urembo, na hili ni la kukufaidi. Beba ndoano sita za sumaku. Zitashika kofia, begi la ufukweni, nguo mbichi na ile karatasi ya ratiba ya kila siku. Ongeza vibanio vichache vya nguo. Kwenye kibaraza usianike kitu kilegee: upepo utakipeleka baharini au kwenye kibaraza cha jirani. Chumba cha ndani kisicho na dirisha huwa giza totoro hata saa sita mchana, kwa hiyo taa ndogo ya betri itawaokoa vidole vya miguu usiku.

Na sasa sanduku lako. Chumba cha kawaida ni kama mita za mraba 15, kitanda kikiwemo. Sanduku la plastiki ngumu kama hilo lako hufunguka katikati kama kitabu, na likifunguka linakula nafasi ya masanduku mawili. Ukiliacha sakafuni, mumeo ataliruka wiki nzima. Dawa yake ni kuhamishia kila kitu kabatini jioni ya kwanza na kulisukuma tupu chini ya kitanda. Kabla ya safari pima unene wake likiwa limefungwa, kisha iulize kampuni uvungu una kimo gani. La kitambaa laini lingekuwa jepesi zaidi, lakini limeshanunuliwa, basi.

Kwenye dawa sitaki ubahili. Za mumeo za pumu ziwe pampu mbili, kila moja begi lake. Dawa za kila siku zitoshe safari na siku nne za ziada, zikiwa kwenye pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari. Dawa ya kuzuia kulewa na bahari, kama sinarizini au meklizini, humezwa kabla kichefuchefu hakijaanza; tumbo likishagoma, kidonge kinarudi kilikotoka. Ipo pia plasta ya skopolamini inayobandikwa nyuma ya sikio, angalau saa nne kabla, na hukaa siku tatu. Ukiishika, nawa mikono papo hapo. Ukijigusa jicho na mabaki yake, mboni hutanuka na utaona ukungu. Haimfai mwenye presha ya macho, na kama una mimba au unatumia dawa nyingine, mfamasia ajue kabla ya kukuuzia chochote. Tia pakiti kadhaa za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, dawa ya maumivu na plasta za malengelenge. Kuhusu zile chupa nne za kitakasa mikono ulizoandika, moja yatosha. Virusi vya noro, vinavyoharisha watu melini, havifi vizuri kwa spiriti. Vinaondoka kwa sabuni na maji. Zahanati ya meli ipo, lakini matibabu yake hulipiwa na ni ghali, na bima nyingi za afya za kawaida haziyagusi. Chukueni bima ya safari inayogharamia hata kumtoa mgonjwa melini, na namba yake muiandike kwenye karatasi.

Nguo nitazipitia haraka. Kwa mchana mashati au blauzi nne na suruali, sketi au kaptura tatu kwa kila mtu, zikiwa za rangi zinazochanganyika. Kwa jioni seti tatu zinatosha. Katika siku saba kwa kawaida huwa na jioni moja au mbili za kuvaa rasmi: mumeo suti moja nyeusi au ya buluu iliyokolea, wewe gauni moja na mtandio wa kuligeuza jioni ya pili. Kaptura na nguo za kuogelea haziingii ukumbi mkuu wa chakula jioni. Nguo za kuogelea ziwe mbili, ili moja ikauke. Sweta ni lazima hata mkienda kwenye joto, kwanza kwa kiyoyozi cha ukumbi wa maonyesho, pili kwa sababu meli ikikimbia kilomita 37 kwa saa, upepo wa mwendo huo uko usoni pako hata siku iliyotulia. Kofia iwe na kamba. Viatu jozi tatu: raba ulizokwisha kuzizoea, ndala za mpira zisizoteleza kwenye sitaha mbichi, na vya jioni vyenye kisigino kinene, maana kile chembamba hakielewani na sakafu inayoyumba. Nguo zozote zenye mabaka ya kijeshi ziache. Huko Barbados, Jamaica na Trinidad na Tobago, kwa mfano, ni kosa kisheria mtu asiye askari kuzivaa.

Taulo za bwawani zipo, kikausha nywele mara nyingi kipo, maboya ya kujiokolea yapo. Msibebe.

Kwa kushuka bandarini chukueni kibegi chepesi cha kukunja, chupa ya maji, noti ndogondogo, kadi ya meli (ile mtakayopewa ya kuingilia melini), kitambulisho na mafuta ya kukinga jua. Mafuta yasiwe na kemikali ziitwazo oksibenzoni na oktinoksati. Hawaii ilipiga marufuku kuyauza ya aina hiyo kuanzia Januari 1, 2021 ili kuyalinda matumbawe ya baharini, na si peke yake. Matunda na chakula cha melini msishuke navyo, forodha watavichukua na huenda wakawatoza faini. Vaeni saa ya mkononi iliyowekwa kwenye saa ya meli. Simu hujibadilisha yenyewe ikikamata mtandao wa nchi kavu, na saa ya meli si lazima ifanane na ya bandari. Mlango hufungwa nusu saa au hata saa nzima kabla ya kung'oa nanga, na meli haimngoji aliyechelewa kivyake. Mkirudi ndani, simu ziwe kwenye hali ya ndege, kwa sababu mtandao wa setilaiti wa meli ukijiunga kimyakimya, bili itakayokuja hutaamini macho yako.

Pesa taslimu melini hazina kazi kubwa. Matumizi huandikwa kwenye akaunti ya chumba. Msiifungue akaunti hiyo kwa kadi ya benki inayokata moja kwa moja, kwani kampuni hushikilia kiasi fulani kila mara na kinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa. Kadi ya mkopo ni afadhali. Pawabenki ikae begi la mkononi kwenye ndege, kamwe isiingie sanduku linalokabidhiwa. Ya mAh 20,000 (ujazo ulioandikwa juu yake) iko chini ya kiwango cha nishati cha Wh 100 kinachokubalika na mashirika mengi ya ndege.

Mumeo aijaribu ile suti wiki hii, avae na viatu vyake kabisa, akae chini na ainuke. Ikimbana, fundi apate muda wa kuifungua mshono.

Mama yako