Kesi yako ya kwanza ya mauaji: kwa mawakili wapya wa Moshi na Arusha

Wengi wenu mkipangiwa kesi ya mauaji katika vikao vya Mahakama Kuu mnaanza kuandaa shufaa, yaani maombi ya kupunguziwa adhabu: mteja bado kijana, ana watoto wadogo, hajawahi kutiwa hatiani. Mwenye kosa la kuua kwa kukusudia shufaa hiyo haimfai kitu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kimempa jaji adhabu moja tu, kifo. Wanaoepushwa ni mjamzito na yule aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Jaji anaweza kumhurumia mteja wako kwa moyo wote na bado akatamka yale yale.

Kwa hiyo mapambano yote yako kwenye nia ovu, yaani kama mteja alikusudia kuua au kudhuru vibaya. Hapo mkeshe. Ripoti ya daktari aliyechunguza maiti isomeni mstari kwa mstari: jeraha moja au mengi, kichwani au mguuni, silaha gani. Mwulizeni mteja maneno gani yalisemwa kabla panga halijainuliwa. Ugomvi uliozuka ghafla kilabuni kwenye mbege, au ndugu waliochokozana juu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, unaweza kushuka ukawa kuua bila kukusudia. Kosa hilo ukomo wake ni kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji ana uhuru wa kupima. Sasa shufaa yako itoe.

Nje ya mahakama ndugu wa marehemu watakuuliza, "Wakili, angekuwa mwanao je?" Usiwajibu kwa vifungu. Wape pole, nyamaza.

Lakini wewe mwenyewe uwe na jibu moyoni. Mimi naamini wapo wauaji wanaostahili kufa, na wenzangu wengi hunipinga kwa hilo. Ila anayesema "anastahili" amekubali kupima. Aliyemteka mtoto, akachukua pesa za wazazi, kisha akamuua, na aliyepanga kumuua mume aliyemtesa miaka mingi, sheria inawapa hukumu moja. Mzani wenye jiwe moja haupimi chochote. Hata anayetetea kunyonga, kama kweli hoja yake ni stahili, angepaswa kuikataa adhabu ya lazima kabla yetu.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha, ilisema karibu na hayo tarehe 28 Novemba 2019 katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kesi iliyoanzia Moshi: kumlazimisha jaji atoe kifo kunavunja haki ya kuishi, na kunyonga kunadhalilisha utu. Isomeni pamoja na kesi ya Mbushuu ya 1995, ambamo Mahakama ya Rufani yetu ilikiri kuwa adhabu hii ni ya kikatili, kisha ikasema Katiba inairuhusu. Uganda iliondoa ulazima mwaka 2009, Kenya 2017.

Mtaambiwa pia msihangaike, hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya 1990. Mwambie hivyo anayelala gerezani akisubiri! Rais kutosaini hati ya kunyonga ni uamuzi wake, si haki ya mteja wako.

Rufaa, basi. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Usiiachie magereza. Njoo nayo siku ya hukumu imeshachapwa, mteja aweke dole gumba kabla karandinga halijaondoka kwenda gereza la Karanga au Kisongo.