Nani anafaa kuhakiki mchezo wa video: mshabiki wa aina moja au mchezaji wa yote?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika na kuhariri uhakiki wa michezo ya video kwa ajili ya wasomaji wa Lubumbashi, wengi wao vijana wanaocheza katika vyumba vya kulipia vya mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, na wachache wenye mashine zao nyumbani. Wale wanaotaka kuingia katika kazi hii huniuliza kama ni afadhali uhakiki uandikwe na mtu aliyezama katika aina moja ya mchezo, kwa mfano mpira au mapigano, au na mtu anayecheza chochote kinachomfikia. Nikilazimishwa kuchagua mmoja, namchagua mshabiki. Nasema hivyo ingawa maandiko ya mashabiki ndiyo yanayonichosha zaidi ninapoyahariri.

Sababu yangu ni moja. Kasoro za mshabiki ziko katika kuandika, na za mchezaji wa yote ziko katika kuona. Mshabiki huacha kueleza jambo kwa sababu kwake limekwisha kuwa la kawaida, lakini ukimuuliza anakujibu papo hapo, na andiko linapona. Mchezaji wa yote huacha kulieleza kwa sababu hakulifikia, na hakuna swali la mhariri linaloweza kumtoa mtu kitu ambacho macho yake hayakukiona.

Chukua mchezo wa God Hand, uliotengenezwa na Clover Studio chini ya uongozi wa Shinji Mikami na kutolewa na Capcom kwa PlayStation 2 mwaka 2006. Tovuti ya IGN ya Marekani iliupa alama 3 kati ya 10, na leo wapenzi wa michezo ya mapigano huutaja miongoni mwa michezo bora ya mashine ile. Ukiuanza, unakutana na kuta zisizo na mapambo, kamera iliyoganda mgongoni mwa mpiganaji, na maadui wanaokupiga bila huruma tangu hatua ya kwanza. Kilicho chini ya hayo hakijitangazi: mchezaji anajipangia mwenyewe mfuatano wa mapigo yake, na ugumu wa mchezo hupanda kadiri anavyopigana vizuri na kushuka anapoelemewa, kiasi kwamba anayecheza kwa ustadi na anayepapasa wanakuwa karibu katika michezo miwili tofauti. Mtu ambaye kazi yake ni kuumaliza haraka ili aanze mchezo wa mbio za magari siku inayofuata anaadhibiwa na utaratibu huo bila kujua kwamba upo. Sisemi kwamba mhakiki hana ruhusa ya kuuchukia mchezo kama huo. Mimi mwenyewe siipendi kamera yake hata leo. Nasema tu kwamba chuki iliyouelewa utaratibu ule ingemfaa msomaji, naye angejua kama kinachochukiwa na mhakiki ni kile kile anachokitafuta yeye.

Hapa kuna jambo ambalo vijana hulichanganya. Wanadhani kumchagua mshabiki ni kuchagua sifa, kana kwamba anayependa aina fulani ataisifu kila siku. Hapa mjini tuna timu mbili hasimu za mpira, Mazembe na Lupopo, na kila mtu anajua kwamba ukitaka kusikia udhaifu wa beki wa Mazembe ukielezwa kwa usahihi, humwendei mtu asiyefuata mpira, unamwendea mshabiki wa Lupopo, au vizuri zaidi, mzee wa Mazembe aliyerudi uwanjani akiwa na hasira. Katika michezo ya video pia, maneno makali niliyowahi kuyasoma na kuyaona ya haki yaliandikwa na watu walioipenda aina ile na kuona imeharibiwa.

Hata hivyo, ushabiki una upofu wake. Street Fighter V ilipotoka Februari 2016, waliozoea mashindano walisifu upiganaji wake, na hawakukosea. Lakini mchezo ule ulikuja bila ile njia ya kawaida ya kupigana na mashine, mpinzani baada ya mpinzani, ambayo watu waliizoea tangu enzi za mashine za sarafu. Njia hiyo iliongezwa Januari 2018 tu. Mtu wa mashindano alilijua pengo hilo vizuri, lakini halikumgusa, kwa kuwa yeye hachezi peke yake. Sasa mfikirie mnunuzi wa mtaa wa Ruashi ambaye hana intaneti ya kutegemewa, amenunua diski kwa sababu uhakiki umesema mapigano ni mazuri mno, na nyumbani hana wa kupigana naye isipokuwa mdogo wake anayebonyeza vitufe vyote kwa pamoja.

Kasoro ya namna hiyo ndiyo ninayosema mhariri anaweza kuitibu. Ninapopokea andiko la mshabiki nalirudisha kwanza na maswali, na maswali yenyewe hayabadiliki sana. Anayecheza peke yake atapata nini? Watu wawili wanaweza kukaa mbele ya televisheni moja, kila mmoja na pedi yake ya kuchezea, au lazima kila mmoja awe na mashine na intaneti? Umeme ukikatika ghafla, mchezaji anapoteza dakika chache au jioni nzima? Swali hili la mwisho silioni katika uhakiki wa Ulaya, na kwetu lina uzito kuliko rangi za majani: mchezo kama Dark Souls hujihifadhi wenyewe mara kwa mara unapoendelea kucheza, ilhali mingine hukurudisha mwanzo wa hatua nzima. Nauliza pia kama maandishi na sauti vinapatikana kwa Kifaransa, na ni gigabaiti ngapi zinazopaswa kushushwa baada ya kuingiza diski, maana baadhi ya michezo ya leo hupita gigabaiti 100 na kifurushi cha intaneti kinaweza kugharimu kuliko diski iliyokwisha kutumika. Kijana mmoja anayeniandikia kuhusu michezo ya mapigano aliwahi kunijibu, «Lakini yaya, hayo kila mtu anayajua,» yaya kwetu akiwa ni mtu aliyekuzidi umri. Anayajua kila mtu anayeketi naye, na hao hawahitaji uhakiki wake.

Mpira ni habari ya pekee, kwa sababu mjini kwetu karibu kila msomaji ni mshabiki tayari. Michezo ya mpira hutoka kila mwaka, na swali la pekee lenye faida ni kama wa mwaka huu unastahili kulipiwa na mtu mwenye wa mwaka jana. Mchezaji wa yote hawezi kulijibu. Yeye anaona nyasi, kelele za uwanjani, nyuso zinazofanana na za wachezaji halisi, na anatoa alama ya heshima, jambo ambalo angelifanya kwa haki ile ile mwaka uliotangulia. Electronic Arts ilipoachana na jina la FIFA baada ya FIFA 23, ikauza EA Sports FC 24 mwaka 2023, waliokuwa na uwezo wa kueleza ni kiasi gani cha mchezo kilibadilika na ni kiasi gani cha jalada ni wale waliokuwa wamecheza mechi nyingi kwenye toleo lililotangulia na kuzoea namna beki anavyogeuka na namna pasi ndefu inavyotua.

Wana hatari yao lakini. Mtu aliyekaa na aina moja kwa muda mrefu huanza kuona mabadiliko madogo kama mapinduzi. Mkwaju wa faulo umebadilishwa, basi aya tatu nzima zinahusu mkwaju wa faulo. Dawa yangu ni kumtaka aandike sentensi moja kwa mtu mwenye diski ya mwaka jana, na nyingine kwa mtu anayeweza kuipata hiyo ya mwaka jana kwa bei ya chini, na mara nyingi sentensi ya pili ndiyo inayotufaa hapa. Kuna pia nyakati ambapo ubingwa hauhitajiki kabisa: eFootball ya Konami ilipozinduliwa tarehe 30 Septemba 2021, nyuso zilizopotoka na wachezaji wanaopitana kama vivuli zilionekana na kila mtu, na kampuni yenyewe iliomba radhi mara moja. Siku kama hiyo hata mtoto wa jirani ni mhakiki.

Mchezaji wa yote namheshimu mahali pawili, na hapo simbadilishi na mtu. Pa kwanza ni mlangoni. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ilileta utaratibu wa vitufe ambao mchezaji mpya anatoa pigo maalumu kwa kubonyeza kitufe kimoja pamoja na upande, badala ya zile duara za vidole ambazo wakongwe walijifunza utotoni. Mkongwe huupita utaratibu huo kwa sentensi moja ya dharau, au anaulalamikia kwamba unawapa wageni njia ya mkato. Mtu aliyekuja kutoka michezo ya magari ndiye anayeweza kusema kama ulimfikisha mahali pa kufurahia, na ni saa ngapi zilipita kabla hajachoka. Uzoefu wa kuwa mgeni hauigizwi. Nimesoma mashabiki wakijaribu kuandika «kwa wanaoanza» na matokeo yake ni sauti ya mwalimu anayemsemesha mtoto.

Pa pili ni pale ambapo aina yenyewe bado haijapata mashabiki. Death Stranding ya Hideo Kojima ilipotoka 2019, sehemu kubwa ya mchezo ilikuwa kubeba mizigo na kuvuka mawe na mito bila kuanguka. Ungemtafuta wapi mshabiki wa mchezo wa namna hiyo? Ukimpa mtu wa mapigano atalalamika kwamba mapigano ni machache, na ukimpa mtu wa hadithi atalalamika kuhusu mizigo. Aliyecheza mengi, na aliyezoea kutodai kwamba mchezo mmoja ufanane na mwingine, ana nafasi ya kuuona jinsi ulivyo.

Wajapani walilitatua jambo hili kwa njia yao. Gazeti la Famitsu, lililoanza 1986, huuweka mchezo mmoja mbele ya wahakiki wanne, kila mmoja akatoa alama kati ya 10, na jumla ikawa kati ya 40. Wa kwanza kupata 40 kamili ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time mwaka 1998. Ninaipenda njia hiyo kwa sababu kutokubaliana kunabaki wazi kwenye ukurasa. Sisi hatuna diski nne wala watu wanne wenye muda. Tunachofanya ni kumketisha mchezaji wa yote kando ya mshabiki katika saa za mwanzo, pedi ikiwa mikononi mwa mgeni, na mshabiki akikatazwa kusaidia. Kisha mshabiki anaandika peke yake, lakini anaandika akiwa amemwona mtu akikwama mahali ambapo yeye hajakwama tangu akiwa mtoto.

Niongeze jambo la mashine, ambalo liko pembeni kidogo lakini limewahi kuwagharimu watu kuliko mjadala huu wote. Kabla ya Cyberpunk 2077 kutoka Desemba 2020, wahakiki walipewa nakala za kompyuta, na maandiko yao yalikuwa mazuri. Wenye PlayStation 4 walipata mchezo uliovunjikavunjika, na Sony ikauondoa dukani kwake kabla wiki mbili hazijaisha. Hapa ushabiki haukuwa na la kusaidia. Andika juu kabisa ya uhakiki mashine uliyochezea, na kama msomaji wako anacheza kwenye PlayStation 4, basi chezea PlayStation 4.

Inabaki michezo ambayo mjini sina mshabiki wake hata mmoja, hasa ile ya mikakati ya muda mrefu kama Civilization, ambayo mechi moja inaweza kuchukua siku kadhaa. Hiyo nampa mchezaji wa yote kwa lazima, na nampa muda mrefu kuliko ninaompa mshabiki, ingawa wengi hufanya kinyume kwa kudhani kwamba asiyejua mengi ana machache ya kusema. Namtaka ataje mechi aliyoifikisha mwisho na ile aliyoiacha njiani, aeleze ni wapi alipoanza kuelewa kwa nini alikuwa akishindwa, na asilinganishe na matoleo ambayo hakuyacheza. Andiko linatoka likiwa fupi, na alama siweki.