Picha ya kichwa ilitoka safi, kipandauso kikabaki

Nilichukua mkopo wa kikoba, laki nne na nusu, nikaenda kupiga MRI ya kichwa. Kipandauso kilikuwa kimenichosha. Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto, kinapwita, na jirani akikaanga dagaa natapika. Najifungia chumbani na kanga iliyolowa maji kichwani mpaka kesho yake. Majibu yakaja: hakuna tatizo. Shangazi akanivuta pembeni: "Mwanangu, hayo si ya hospitali."

Ni ya hospitali. MRI ile inaonyesha umbo la ubongo, uvimbe au damu iliyovuja, na kwangu havikuwepo. Serotonini, kemikali inayotajwa sana kwenye ugonjwa huu, huioni humo hata ulale kwenye mashine kutwa nzima.

Wanaoichunguza hutumia skani ya PET. Mtu hudungwa dawa yenye mionzi kidogo inayonasa kwenye vipokezi vya serotonini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, kisha mashine inapima imenasa wapi na kwa kiasi gani. Kinachotoa mionzi humo ni kaboni-11, nayo hupungua nusu kila dakika 20 hivi, kwa hiyo mtambo wa kuitengeneza lazima uwe karibu. Usihangaike kukiulizia kipimo hiki. Ni cha watafiti, hakitumiki kuamua nani ana kipandauso.

Ila walichokiona kimenisaidia. Mwaka 2018 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walitoa matokeo ya wagonjwa waliopimwa siku ambazo hawaumwi. Vipokezi viitwavyo 5-HT4 vilikuwa pungufu kuliko vya watu wasio na kipandauso. Vipokezi hivyo hupungua serotonini ikizidi kwa muda mrefu, kwa hiyo wakaona huenda kwa wagonjwa hawa iko juu. Na sisi miaka yote tunaambiwa iko chini! Waliopimwa ni wachache, sawa, lakini nikikutana na tangazo la vidonge vya "kuongeza serotonini" napita zangu.

Sisemi picha ni upuuzi. Kichwa kikipasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au ukiwa na homa na shingo ngumu, au mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, au ukipata degedege, au maumivu yakianza ukiwa umeshapita umri wa miaka 50, nenda leo leo.

Mimi nilichokosa ni maelezo. Nikanunua daftari la shule, nikaandika kila siku: kimeanza saa ngapi, upande gani, nililala vipi, nilikula lini, hedhi, dawa nilizomeza. Baada ya miezi mitatu nikampelekea daktari. Picha aliitupia jicho tu. Daftari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Akahesabu siku za panadol: 17 kwa mwezi mmoja.

"Mama, hizi nazo zinakuletea kichwa."

Ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaweza kuzaa maumivu. Kuziacha kulinitesa wiki mbili, sitakudanganya. Baadaye akaniandikia sumatriptani, dawa ya kipandauso inayofanya kazi kupitia vipokezi vya serotonini, kwa masharti: mapema kichwa kinapoanza, na isifike siku kumi kwa mwezi. Kabla ya hapo aliniuliza sana habari za moyo na presha, kwa sababu mwenye ugonjwa wa moyo hapewi. Usiazime ya mwenzako.

Sasa niko daftari la pili. Shangazi ndiye anayenikumbusha kuandika.