Uwanja wa besiboli mjini kati: angalia Jumanne ya Aprili kwanza

Mkuu, umeuliza kama timu yenu ya ligi ndogo (ngazi iliyo chini ya ligi kuu ya besiboli) ikitolewa pembeni kule kwenye barabara kuu na kujengewa uwanja mjini kati, watazamaji wataongezeka. Mimi niliuza hotidogi misimu minne, 2016 hadi 2019, kwenye uwanja wa Louisville Bats hapa Kentucky, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa kaunta.

Uwanja wetu, Louisville Slugger Field, ulifunguliwa mwaka 2000, Main Street, karibu kabisa na mto Ohio. Unapoingia unapita ndani ya banda la zamani la reli ambalo hawakulibomoa. Pazuri sana. Kabla ya hapo timu ilikuwa Cardinal Stadium, kwenye viwanja vya maonyesho jirani na uwanja wa ndege: nyasi bandia, jengo walilochangia na mpira wa Kimarekani, na maegesho ya magari yasiyo na mwisho. Ukiwasikiliza wanaosema eneo ndilo kila kitu, pale pangekuwa pamekufa. Kumbe mwaka 1983 timu hiyo, wakati huo ikiitwa Redbirds, iliingiza zaidi ya watu milioni moja kwa msimu mmoja, ya kwanza kufanya hivyo katika ligi ndogo zote. Tangu tuhamie kando ya mto hatujawahi kuigusa milioni.

Sababu ni njaa ya besiboli. Timu ya zamani iliondoka baada ya msimu wa 1972, mji ukakaa karibu miaka kumi bila besiboli, Redbirds wakafika 1982. Tena jengo lilikuwa kubwa, likaweza kuwameza wote. Njaa ya namna hiyo huwezi kuijenga kwa zege.

Sasa mjini kati kunabadilisha nini? Siku za katikati ya wiki tu. Jumamosi ya Julai yenye fataki watu watakuja hata ukiuweka uwanja porini. Baba anapakia watoto kwenye gari, basi. Tofauti niliiona katikati ya wiki. Jumanne ya Aprili, baridi ya mtoni inakata masikio, shule hazijafungwa, wateja wangu walikuwa watu wa maofisini waliotembea kwa miguu baada ya kazi, wakanunua chakula, wakaondoka katikati ya mchezo. Hao Cardinal Stadium wasingekwenda. Na kwa msimu wenye michezo ya nyumbani 70 na ushee, siku za namna hiyo ni nyingi kuliko Jumamosi.

Usitegemee ushindi uwaletee watu. Hii si Simba na Yanga. Mchezaji akiwaka moto, Cincinnati Reds, timu mama yetu ya ligi kuu, wanampandisha, kesho yuko mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Mishahara ya wachezaji hulipwa na timu mama. Timu ya mji inaishi kwa tiketi, vyakula na matangazo.

Jingine: idadi inayotangazwa ni ya tiketi zilizotoka, si ya watu walioingia. Mimi nilihesabu skonzi zilizobaki, na kuna usiku skonzi zilikataa kabisa kukubaliana na kipaza sauti.

Halafu tazama hili. Louisville City, timu ya soka, ilicheza uwanja huohuo kuanzia 2015 hadi 2019. Usiku wa soka nilisikia Kiswahili kwenye foleni yangu, vijana wa Kikongo na familia zao. Wiki iliyofuata, besiboli, mahali palepale, sikumwona hata mmoja. Mahali peke yake hapamvuti mtu. Mwaka 2020 soka ikapata uwanja wake mtaa wa Butchertown, si mbali.

Kama ningepiga kura huko kwenu, ningebishania ukubwa kuliko eneo. Dayton, Ohio, mji mdogo kuliko Louisville, walijenga mjini uwanja wa watu 7,000 na kidogo, wakaufungua 2000, wakaanza kuuza tiketi zote kila mchezo. Mwaka 2011 wakaipita rekodi ya Portland Trail Blazers, timu ya mpira wa kikapu, ya michezo 814 mfululizo tiketi zikiisha. Mtu anayejua tiketi zitaisha hununua Januari, kabla msimu haujaanza. Wetu unachukua zaidi ya 13,000, kwa hiyo kila mtu anajua atapata tu kiti, na mvua ikitishia habanduki nyumbani.

Ukipata ramani ya kiwanja wanachokitaka, iweke hapa. Nataka kuona maofisi yako umbali gani kwa miguu, na basi la mwisho linapita saa ngapi.