Pedali ya kresendo: mbona imewekwa pale mguu unapopita?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Parokia yetu imepata kinanda kikubwa cha kidijitali kilichokwisha kutumika Ulaya. Kina kibodi mbili na vibao vya miguu, na juu ya vibao hivyo kuna pedali mbili zinazofanana kama mapacha. Ya kushoto naielewa, inapandisha na kushusha sauti. Ya kulia nikiigusa tu, kinanda kinanguruma. Jumapili iliyopita kiliropoka katikati ya wimbo wa komunio hadi Padre akageuka. Cha ajabu, taa za rejista, yaani za sauti nilizochagua, zilibaki vilevile. Pedali hii ni ya nini, na nani aliyeiweka pale? Katekista anashauri tuibane kwa kipande cha mbao.
— Mpiga kinanda, Iringa

JIBU: Milele amina. Pole kwa aibu ya komunio. Hakuna mpiga kinanda asiyewahi kuipata. Ila kile kipande cha mbao kiwekeni kando kwanza.

Hiyo ni pedali ya kresendo, na haina undugu na jirani yake. Ya kushoto haibadilishi rejista ulizochagua: zilezile zinasikika kwa nguvu zaidi au kidogo. Ya kulia inafungua rejista nyingine, moja baada ya moja, kuanzia filimbi laini za futi 8 (kimo cha kawaida cha sauti; namba kubwa ni chini zaidi, ndogo ni juu zaidi) hadi tarumbeta. Inazifungua kwa siri, bila kugusa vitufe vyako, ndiyo maana hukuona taa zikiongezeka. Na inaongeza tu: ulichofungua kwa mkono kinabaki, yenyewe inarundika juu yake. Angalia vizuri karibu na kibodi, pengine kuna taa ndogo au namba inayoonyesha imefika hatua ya ngapi. Taa hiyo ndiyo rafiki yako.

Kuhusu mahali ilipo, una haki ya kulalamika. Sanduku la kufungia sauti, yaani boma la mbao lenye vibao vya kufungua na kufunga linalozunguka mabomba ya ogani, lile pedali ya kushoto inaloliiga, lilianzia London mwaka 1712, Abraham Jordan alipoliweka kwenye ogani ya kanisa la St Magnus. Kwa muda mrefu Waingereza walilifungua kwa wenzo uliochomoza upande wa kulia, kwa sababu noti za chini za besi ziko kushoto na mguu wa kulia ndio unaopata nafasi. Baadaye ikaja pedali ya kuinamisha mbele na nyuma, ikapewa kiti katikati. Kresendo ilipofika, kiti kilichobaki ni cha pembeni, kulia. Vipimo vya American Guild of Organists, chama cha wapiga ogani wa Marekani, vinaiweka hapohapo, ya mwisho kulia, na watengenezaji wengi wa vinanda vya kidijitali hufuata mpangilio huo. Shida ni kwamba mguu unaokimbilia pedali ya sauti bila kutazama hukosea kwa upana wa kiatu kimoja tu. Mafundi wengine huiinua kidogo kuliko jirani yake ili mguu uitambue. Na ukivaa raba pana zile za mtumba, utazikanyaga zote mbili kwa pamoja. Tafuta kiatu chembamba chenye kisigino. Utakihitaji, maana pedali hii hufunguliwa kwa ncha ya mguu na kufungwa kwa kisigino.

Wajerumani waliitengeneza kwa namna nyingine: pipa linalobiringishwa kwa mguu, nalo hubaki pale ulipoliacha. Ogani ya fundi Wilhelm Sauer katika kanisa kuu la Kiprotestanti la Berlin, ya mwaka 1905 na yenye rejista 113, inalo. Muziki wa Max Reger, mtunzi Mjerumani, unaoanza kwa mnong'ono na kuishia kwa radi ndani ya kurasa chache, ni vigumu kuupiga bila chombo cha namna hiyo, labda uwe na wasaidizi wawili wa kuvuta rejista. Kwa hiyo si pambo.

Kwenu Iringa itafaa wapi? Maandamano ya kuingia, pale Padre bado yuko mlangoni na hujui utarudia kiitikio mara ngapi. Beti la mwisho kanisa likiwa limejaa. Kwa kwaya inayoimba sauti nne kwa upole, au kwa Bach, iache ilale. Hata mimi situmii mara nyingi. Vitufe vitatu vya kumbukumbu, vile vinavyohifadhi rejista ulizochagua, vilivyopangwa vizuri vinanitosha misa nzima. Sababu yangu ni hii: kresendo hupanda ngazi, haipandi mteremko. Ukiisukuma huku umeshikilia kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja), waumini watasikia kila kipandio. Isukume pale kwaya inapovuta pumzi, mguu wa kushoto ukibeba besi peke yake.

Mpangilio wa kiwandani nao una lawama. Mara nyingi rejista kali huingia mapema mno kwa kanisa la mabati na sakafu ya saruji. Kama kinanda chenu kinaruhusu kuupanga upya, anza na filimbi na rejista za sauti ya nyuzi za futi 8, besi ya futi 16 iingie mapema, kisha prinsipali (sauti ya msingi ya ogani) za 8, 4 na 2, halafu mikscha (rejista ya sauti kali za juu), tarumbeta mwisho. Tremolo na rejista za kutetemesha usiziingize kabisa.

Sasa kuhusu mbao: kipande hicho kitalegea siku ya Pasaka. Vinanda vingi vina njia ya kuizima kresendo kwa kitufe au kwenye menyu, itafuteni. Na kabla ya kila misa, vuta pedali nyuma kwa kisigino hadi igote, kisha tazama ile taa. Ikiwa pedali imefungwa kabisa na taa bado inawaka, au inacheza yenyewe, basi si mguu wako uliokosea siku ile ya komunio: potensiometa ndani, kile kifaa kinachopima pedali imefika wapi, imeingia vumbi au imepoteza kipimo chake cha sifuri. Ni kazi ya fundi, kuisafisha na kuipima upya. Mafuta ya cherehani msiipulizie.